Ujumbe Aliofuta Mjomba Mwinjuma

Jina la Twalibu lilitoka Jumatatu, na kufikia Jumanne asubuhi Matombo yote ilikuwa na habari, ukiwaondoa mbuzi. Mwenyewe alilisoma kwenye kompyuta ya duka la steshenari lililo chini ya misheni. Alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili, vyote vya Dar es Salaam. Mwenye duka alimpa mkono, akamwambia jambo kama hili halipiti hivihivi bila soda. Twalibu akanunua soda, akainywa mpaka chini, akashukuru, akashika njia ya kupanda kwao. Njia nzima alikuwa akiisubiri furaha. Alifika nyumbani haijafika.

Msije mkadhani kijana huyu ni mwoga. Alikuwa anapanda mkarafuu mpaka kwenye matawi ambayo nyani wenyewe huyafikiria mara mbili. Kidato cha sita alitoka na daraja la kwanza, na miezi mitatu ya jeshi aliimaliza bila kulazwa hata siku moja. Lakini tangu Agosti, siku aliyojaza fomu za kuomba chuo, tumbo lilikuwa likimsokota kila alfajiri, na viganja vyake vilikuwa vikilowa jasho hata akiwa amekaa tu. Aliambiwa darasa moja kule linachukua watu mia nane. Alijaribu kuwawaza watu mia nane wamekaa pamoja, wote wa kwanza huko kwao, akashindwa kumeza chakula.

Na zaidi ya hao mia nane alikuwa anamwaza Thobias.

Thobias alikuwa jirani yao, miaka minne mbele yake. Aliondoka hapo Matombo kwa ngoma na vigelegele kwenda Dar kusomea uhandisi. Baada ya mwaka mmoja akarudi kimyakimya na begi lilelile. Alikuwa amedisko, yaani mitihani imemkataa na chuo kimemtoa. Sasa alikuwa anaendesha bodaboda kati ya Matombo na mjini Morogoro, na watu walikuwa wakimwita Injinia. "Injinia, nipakie na mkungu wangu." "Injinia, pikipiki yako inavuja mafuta, huko chuo hawakuwafundisha?" Yeye hucheka, anapakia mkungu. Twalibu kila akisikia neno hilo alihisi kama limerushwa kwake.

Basi hofu ile ikakaa kwake Agosti nzima na Septemba nzima, mpaka ikaisha. Haikupona, ilikufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unaugusa, unaona ni wako, lakini hausikii. Watu waliokuja kumpongeza aliwaambia ahsante. Mama yake, Bi Raya, alipomkumbatia huku analia, yeye alisimama akaangalia kuku wanavyochokoa majani ya mgomba, akangoja amalize.

Kulikuwa na jambo ambalo Twalibu hakumwambia mtu. Anayechaguliwa na vyuo viwili hana budi kuthibitisha kimoja. Anatumiwa kwenye simu ujumbe wenye namba ya siri, anaiingiza kwenye akaunti yake, yamekwisha. Mwisho ulikuwa Jumamosi. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine. Na namba ya simu aliyoijaza kwenye fomu ilikuwa ya mjomba wake, Mwinjuma, kwa kuwa simu yake mwenyewe ilifia jeshini.

Jumanne hakwenda kwa mjomba. Alichuma karafuu kutwa nzima. Jumatano alichuma mpaka adhuhuri, akashuka mtini, akakaa, akaona mikono haina cha kufanya. Akaenda.

Mzee Mwinjuma alikuwa kaka mkubwa wa Bi Raya, na kwa Waluguru hilo si neno dogo. Mtoto ni wa upande wa mama. Baba yake Twalibu alikuwa Mtibwa kwenye miwa, mtu mwema tu, anayekuja Idi na zawadi, lakini mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Mwinjuma ndiye aliyekuwa mkubwa wa lukolo, ukoo wao wote wa pale mlimani. Yeye ndiye aliyegawa mashamba, yeye aliyesimamia matambiko na ndoa. Mpwa wake alipochaguliwa, alijiona kachaguliwa yeye. Tayari alikuwa amewaalika ndugu waje Ijumaa baada ya swala kumsomea dua msafiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msomi wangu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula. Mjomba, kuna ujumbe ulikuja kwenye simu yako? Kuanzia juzi."

Mzee Mwinjuma akatabasamu kwa ujanja. "Upi? Wa wale wezi?"

Hapo inabidi nieleze. Mwaka uliopita, msimu wa karafuu, Mzee Mwinjuma alipata ujumbe usemao ile pesa atume kwenye namba hii. Kwa kuwa kweli alikuwa na pesa ya kumtumia mtu, akatuma, na mpaka leo hajui aliyeila. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Toka siku hiyo, ujumbe wowote wenye namba na maagizo, mzee aliufuta papo hapo, tena kwa fahari, na jioni kibarazani aliwasimulia wenzake alivyowaweza.

"Ulikuja juzi mchana," akasema. "Herufi na namba zimechanganywa kama uji wa mtoto. Eti ingiza, eti usimpe mtu. Nikasema, mtanikoma. Nikafuta."

"Ulikuwa wangu, mjomba. Wa chuo."

Tabasamu la mzee lilikawia kuondoka. "Wa chuo?"

"Ndio wa kuthibitisha. Bila hiyo namba, nafasi inakwenda. Mwisho Jumamosi."

Na hapo Twalibu akanyamaza.

Angeweza kuendelea. Ukurasa ule aliousoma pale dukani ulieleza, tena kwa herufi kubwa, kwamba ujumbe ukipotea mwombaji anaingia kwenye akaunti yake, anaomba namba nyingine, na inaletwa muda huohuo. Dakika mbili. Maneno yalikuwa yamekaa mdomoni. Aliyasikia yamekaa hapo, akayaacha. Hakuhisi ubaya wowote, wala unafuu. Aliona tu kwamba mlango umejifunga bila yeye kuugusa, na kwamba mtu mwingine ndiye ameshika kitasa.

Mzee Mwinjuma aliichukua simu yake ndogo, akaibonyezabonyeza, akiutafuta ujumbe uliokwisha kufutwa. Alitafuta muda mrefu. Kisha akaiweka chini kwa uangalifu.

Jioni ile, alipopata habari, Bi Raya alifanya jambo ambalo hajapata kulifanya maisha yake yote. Alikwenda kwa kaka yake, akasimama uani, akapaza sauti majirani wasikie.

"Kaka, wewe ndiye tuliyekupa watoto wetu! Simu yenyewe huijui, unafuta vya watu! Mwanangu kasoma miaka kumi na tatu, wewe umemfuta kwa kidole kimoja!"

Mzee Mwinjuma alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, anasikiliza mpaka mwisho. Twalibu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Aliona sikio la mjomba wake lilivyokuwa na mvi. Akafikiri kwamba sasa ndiyo wakati wa kusema, akaona wakati unapita, ukapita.

Ijumaa ndugu walikuja vilevile, maana walishaalikwa na mchele ulishapikwa. Walijaa ukumbini na barazani, wanawake ndani, wanaume nje. Dua ilisomwa, ila ilisomwa kwa haraka, maana msafiri hana safari. Wali ulipokwisha, Mzee Mwinjuma akasimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi.

"Ndugu zangu wa lukolo," akasema. "Mtoto huyu hana kosa. Alifanya yote yaliyokuwa yake. Mimi ndiye mjinga. Niliogopa wezi, nikamwibia mtoto wetu mwenyewe. Sina cha kumlipa. Lile shamba la mikarafuu la kule juu, ninalolitunza kwa niaba yenu, naomba mnikubalie alichukue yeye kuanzia leo, apate pa kushika."

Shangazi mmoja kutoka ndani akasema, bila kushusha sauti, "Tapeli umemkimbia, mtoto umempoteza." Wawili watatu wakacheka. Mzee mmoja akasema shamba ni sawa, ila labda na simu nayo ichukuliwe, na wengi zaidi wakacheka. Mzee Mwinjuma akatikisa kichwa kuwakubalia, akajaribu kucheka nao, ikashindikana.

Twalibu alipewa mkono na kila mtu. Shamba zuri, walimwambia, pole na hongera. Alikuwa na miaka ishirini na alikuwa amepata mikarafuu ambayo wajomba wengine huipata wakiwa na wajukuu. Hakuna darasa la watu mia nane, hakuna mtihani, hakuna atakayemwita Injinia. Alipata kila alichokuwa anakitaka. Alirudi nyumbani, akalala, asiote chochote.

Jumamosi asubuhi mama yake alimtuma apeleke sufuria alizoazima kwa mjomba. Alipofika alikuta pikipiki ya Thobias uani, inanguruma, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma kwa mpira. Mzee Mwinjuma alikuwa akitoka ndani na kanzu ileile ya jana, na koti juu yake. Mkononi alikuwa na mfuko wa karafuu zilizochambuliwa vizuri, bila kikonyo hata kimoja.

"Shikamoo, mjomba. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Dar."

"Dar?"

"Thobias ananifikisha Msamvu, pale napanda basi. Nitakwenda kwenye hicho chuo nimwone mkubwa wao. Nitamwambia kosa ni langu." Akauinua kidogo ule mfuko. "Mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu." Akamgeukia Thobias. "Ukishuka kwenye basi, chuo kiko upande gani? Kulia?"

Mzee Mwinjuma alikuwa na miaka sitini na mbili na alikuwa hajapata kufika Dar es Salaam. Mwisho wa dunia yake ulikuwa Morogoro mjini, na hata huko alikwenda kwa shida, akarudi siku hiyohiyo.

Akarudi ndani kuchukua kofia. Thobias akapunguza moto wa pikipiki, akamsogelea Twalibu.

"Dogo, sijaelewa. Namba si unaomba nyingine? Mimi mwaka wangu niliipoteza mara mbili."

"Najua," Twalibu akasema.

"Unajua?"

"Najua tangu Jumatatu."

Thobias akamtazama. Hakukasirika, ila alikuwa kama mtu anayesoma bei mara ya pili. "Na mzee anajua?"

"Hajui."

"Unaogopa kudisko."

Twalibu akaziweka sufuria chini.

"Mimi wananiita Injinia," Thobias akasema. "Wiki ya kwanza nilitaka kunywa sumu ya panya, kweli kabisa nakwambia. Wiki ya pili wakachoka kucheka, wakawa wanataka usafiri tu. Watu wana shida zao, dogo. Hawana muda na wewe kama unavyofikiri." Akatazama mlangoni. "Sasa huyo anakuja. Nimbebe, nisimbebe? Ukiniambia nimbebe, nambeba, ni abiria. Lakini mzee wa watu atashuka pale Dar na mkungu wa ndizi, Jumamosi, ofisi zimefungwa, anaulizia mkubwa wa chuo. Sema."

Mzee Mwinjuma alitoka na kofia yake. Alikuwa ameipiga brashi. Akakamata bega la Thobias, akainua mguu apande, kanzu ikamzuia, akaikunja kwa mkono mmoja, miguu yake myembamba ikaonekana. Na Twalibu akaona ile miguu. Sijui kwa nini ikawa miguu. Kitu kilimchoma kifuani, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kwa nguvu mpaka akashika ukuta.

"Mjomba, usipande."

"Nachelewa basi."

"Namba inaombwa nyingine. Inakuja hapohapo. Nilijua. Tangu siku ile nilipokuja kwako, nilikuwa najua."

Mzee Mwinjuma alibaki na mguu mmoja umeinuliwa. Kisha akaushusha. Thobias akazima pikipiki.

"Ulikuwa unajua jana?" mzee akauliza. "Niliposimama mbele za watu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ulinitazama nikijiita mjinga."

"Niliogopa kwenda Dar. Nikaona bora ipotee yenyewe."

Mzee aliufungua mfuko wa karafuu, akatazama ndani, akaufunga tena. "Ungesema tu unaogopa," akasema. "Mimi hapa nilikuwa natetemeka tangu alfajiri. Unadhani sikuogopa? Tungeogopa wote wawili, tukapanga. Wewe ukaniacha peke yangu."

Twalibu akaanza kulia. Hakulia kiume, alilia kwa kamasi na kwikwi, na Thobias akajifanya anakagua mnyororo. Mjomba wake hakumbembeleza. Alingoja, kama Twalibu alivyomngoja mama yake siku ya pongezi, kisha akasema, "Tunakwenda kwa mama yako. Utamwambia kwa mdomo wako. Halafu nyumba zote zilizokula wali wangu jana, moja baada ya nyingine, na huko pia utasema wewe. Leo hii. Thobias, na wewe njoo na hiyo simu yako kubwa."

Bi Raya alikuwa uani amekaa mkekani, anachambua karafuu, punje huku na vikonyo kule. Alipowaona watatu wanakuja pamoja akasimama. Twalibu akasema yote akiwa wima, kama anayetoa ushahidi. Hakujitetea. Alipomaliza, aliinamisha kichwa akangoja makofi, maana makofi yalikuwa haki yake.

Bi Raya akakaa chini tena, taratibu, akainua konzi ya karafuu, akaiacha idondoke.

"Kaka," akasema. Hakumtazama Twalibu, alimtazama Mwinjuma. "Jumatano, nilipoambiwa namba imepotea, unajua nilisikia nini moyoni? Nilisikia raha. Nikasema, Alhamdulillahi, haendi. Nitabaki naye." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nikaona haya. Ndiyo maana nikaja kwako kukupigia kelele zile. Zilikuwa zinanistahili mimi."

Thobias, ambaye huwa na la kusema kwa kila abiria, aliangalia viatu vyake. Mzee Mwinjuma akavuta kigoda, akakaa karibu na dada yake, akachukua karafuu chache akaanza kuzichambua, vibaya, kama wanaume wanavyochambua.

Mtandao pale uani hukamatika pembeni ya jiko, kwenye jiwe la kunolea. Twalibu akasimama hapo na simu ya Thobias. Akaingia kwenye akaunti yake, akachagua kimoja kati ya vile vyuo viwili. Viganja vilikuwa vimelowa, tumbo lilikuwa linamsokota upya kama Agosti, na wale watu mia nane walikuwa wamerudi wote na kukaa. Akaomba namba nyingine. Mfukoni mwa koti la mjomba wake simu ndogo ikalia.

Mzee Mwinjuma akaitoa, akaishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili. "Mimi siigusi hii," akasema. "Raya, isome wewe."

Bi Raya akaichukua. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, mpaka akaona.

"Tano," akasoma. "Herufi K. Mbili. Mbili tena. Herufi R."

Twalibu alikuwa akiingiza moja moja. Vidole vilikuwa vinatetemeka hata akakosea mara mbili, akafuta, akaandika upya. Ilibaki moja. Mama yake alikuwa amenyamaza, simu mkononi, midomo imefumbwa.

"Mama?"

"Naiona," Bi Raya akasema. Akavuta pumzi. "Naiona, mwanangu. Subiri kidogo."

Wakasubiri, wote wanne. Kisha akasema, "Tisa," akainuka mkekani, akaja pale kwenye jiwe, akaushika mkono wa mwanawe kwenye kifundo ili usitikisike, akamwambia abonyeze.